Ruhusa ya Kibubu

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kwamba sikio la kushoto limeacha mgomo wake. Mimi sijambo. Chumba nilichohamia kina dirisha linalotazama ukuta wa jengo la jirani. Ukuta umepakwa rangi ya krimu, na mchana jua likiupiga, chumba kizima kinapata mwanga. Mwenye nyumba ni mama mpole asiyependa maneno mengi.

Ulipopiga simu Jumapili hatukuelewana. Wewe hukunisikia, mimi nikawa nakupigia kelele, na kila mtu alikuwa akijibu swali ambalo halikuulizwa. Ndiyo maana naandika, kama zamani nilipokuwa bwenini. Nilichoshika ni kwamba yule mteja wako wa ng'ambo, anayekulipa kwa sarafu za mtandaoni, amelipa tena, na akiba ya kutoa mtoto wa jicho imekaribia kutimia. Nilifurahi mno. Kisha ukasema, huku unacheka, kwamba ile pochi ya kwenye simu kila inapokuomba ruhusa wewe unabonyeza Kubali. Hapo mjomba sikucheka.

Kazi yangu unaijua. Kutwa nzima niko mbele ya kompyuta, najibu watu waliopoteza fedha kwenye pochi kama yako. Wao wananiandikia kilio, mimi nawaandikia pole. Wengi wao hawakuibiwa maneno ya siri. Siku moja waliipa programu fulani ruhusa ya kuchukua fedha, labda ya kubadilisha sarafu, labda ya mchezo, wakasahau. Wengine hata waliifuta ile programu kwenye simu wakadhani yameisha. Hayaishi. Ni kama kumpa mtu ufunguo wa duka, halafu ukaibandua picha yake ukutani. Picha imetoka, ufunguo bado anao.

Fungua pochi, ingia kwenye mipangilio, tafuta palipoandikwa Ruhusa. Utaona majina ya programu zote ulizozikubalia na kiasi ambacho kila moja inaweza kuchukua. Niandikie unachokiona, usibonyeze kitu kwanza. Na yale maneno kumi na mawili ya siri usimpe mtu yeyote, hata mimi.

Nisalimie jirani yako wa cherehani.

Mpwa wako,
Chiriku


2 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika na kona moja imekunjika, nadhani kuna mtu aliikalia njiani. Huku sote wazima. Nikisema sote ni mimi na saa. Jirani wa cherehani amepata mjukuu na sasa hatulali mtaa mzima. Sikio bado limegoma, na jicho la kulia nalo linataka kujiunga. Nikitazama mashine ya saa ya mkononi naona kama imefunikwa nailoni. Daktari anasema mtoto wa jicho ameiva. Nikamwambia mimi watoto wangu wote wana tabia ya kunisumbua.

Umenieleza dirisha, umenieleza ukuta na rangi yake. Hujanieleza unakula na nani.

Haya, ruhusa. Nilibana jichoni kile kioo changu cha kutazamia saa, nikailaza simu kwenye kitambaa kama mgonjwa wa kupasuliwa, nikasoma. Kabla hujanigombeza, nisikilize. Mtu akikuomba ruhusa kistaarabu, kwa maandishi, na kitufe cha kijani amekuwekea, utamnyima vipi? Wateja wangu hapa hawaniombi ruhusa hata ya kuketi. Tena si kwamba sikujilinda. Kila jioni naizima simu kabisa na kuifungia kwenye droo ya saa zilizokufa, nikijua mwizi hawezi kuingia kwenye simu iliyozimwa. Sasa wewe unaniambia nilikuwa nafunga dirisha la nyumba isiyo na ukuta.

Nilichokiona ni Badili Chap, Soko la Sarafu, Bahati ya Nyota (huko niliingiaje sijui) na Kibubu. Zote nne zimeandikwa "bila kikomo". Mimi nilidhani hiyo ni heshima.

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Hongera kwa jirani na poleni kwa usingizi. Mimi mzima. Kazini wametubadilishia viti, vipya vina magurudumu.

Bila kikomo si heshima. Maana yake ni kwamba programu hiyo inaweza kuchukua chote ulicho nacho, na utakachopata kesho pia, bila kukuuliza tena. Jicho lako lote limo humo.

Fanya hivi. Pale kwenye Ruhusa, gusa jina la programu, kisha gusa Ondoa. Pochi itakuuliza kama una hakika na itakukata ada ndogo ya mtandao. Ikubali, hiyo ni ya halali. Subiri mpaka jina lipotee ndipo uende kwa linalofuata. Ondoa zote nne. Kibubu nayo uiondoe, ingawa najua ilitengenezwa na nani.

Chiriku


14 Aprili

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimeletewa saa ya ukutani ya kanisa, imesimama tangu mvua zilizopita. Ndani nimekuta kiota cha nyigu. Nyigu wenyewe wamehama, wamewaachia watu matope yao. Niliwaza sana jinsi kiumbe anavyoweza kukaa mahali panapogonga hivyo asipate uziwi.

Jirani anakusalimu. Amenishonea shati na mfuko mmoja umekaa chini kuliko mwenzake. Nalivaa hivyo hivyo.

Badili Chap imetoka. Soko la Sarafu imetoka. Bahati ya Nyota ilinisumbua kidogo, ikatoka. Asante sana, nimelala vizuri.

Umenijibu habari ya viti. Sikuuliza viti.

Mjomba wako


5 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Na mimi nikikuagiza kitu hukimalizi, kwa hiyo tuko sawa.

Nimehesabu programu tatu zilizotoka, nami nilikuandikia nne. Mjomba, simsemi vibaya binamu yangu. Mshale na mimi tumelelewa sahani moja, na najua Kibubu aliitengeneza kwa nia njema, ili kila mwezi ikuwekee kidogo pembeni ununue mashine mpya ya kuchongea vipuri. Lakini aliitengeneza akiwa mwanafunzi, na ufunguo wa programu nzima anao yeye. Huko aliko hatukujui. Simu yake ikiibiwa, au akiiuza bila kuifuta, atakayeipata ataikuta pochi yako iko wazi. Wiki iliyopita nimemjibu mwalimu mmoja mstaafu, yalimkuta hayo hayo kupitia programu ya mkwewe. Mkwe mwenyewe hakuwa na kosa. Niliandika pole, sikuwa na kingine.

Nakuomba uniambie, Kibubu unaiachia nini? Kama ni kitufe kimekushinda sema, nitakuelekeza upya.

Mimi naendelea vizuri.

Chiriku


30 Mei

Chiriku,

Marahaba. Saa ya kanisa inatembea. Wamekuja kuichukua watu wanne na mkokoteni.

Kitufe hakijanishinda.

Siku Mshale anaondoka, wewe ulikuwa umeshakwenda huko kazini kwako, kwa hiyo ulisikia ya kusimuliwa. Ya kweli ni haya. Aliniambia, "Baba, saa zimekufa, watu wanatazama simu." Nikamwambia, "Basi toka kwenye nyumba ya marehemu." Nilisema kwa hasira ya dakika moja, nikidhani atakwenda mpaka kona, atarudi chakula kikiwa tayari. Nilimwekea sahani. Namba yake ya simu ikawa haipatikani, na mpaka leo haipatikani.

Lakini kila mwezi unapoanza, nikifungua pochi, nakuta Kibubu imechukua kile kidogo chake. Haijaruka hata mwezi mmoja. Ndiye yeye huyo. Mtu aliyekufa hachukui. Mtu aliyekusahau hachukui. Siku hiyo nanunua nyama, nakula vizuri, nazungumza na jirani mpaka ananishangaa. Siku nyingine zote za mwezi naingoja hiyo.

Sasa unaniambia niiondoe. Sawa, jicho ni jicho. Ila ukishaniondolea hiyo nitabaki naangalia nini kwa hilo jicho jipya?

Mjomba wako


11 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua nimechelewa. Niliandika nikachana, nikaandika tena nikachana. Mwenye nyumba ameniuliza kama ninafanya mtihani.

Nilitaka sana kunyamaza. Ningeweza kukuambia weka kikomo kidogo kwenye Kibubu, ichukue cha mwezi tu na isiguse akiba, nawe ungeendelea kununua nyama yako kila mwanzo wa mwezi. Hilo la kikomo linawezekana, na ukitaka nitakuonyesha. Lakini ningekuwa nimekudanganya, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba saa inayoonyesha saa ya uongo ni mbaya kuliko iliyosimama.

Mjomba, si yeye anayechukua. Programu ya namna ile inapangwa mara moja na kuachwa. Mwezi ukianza inachukua yenyewe. Haihitaji mtu kubonyeza wala kukumbuka. Mshale akilala, inachukua. Siwezi hata kuandika neno linalofuata, lakini unalielewa. Kuchukua kwake hakutuambii kitu chochote juu yake.

Nisamehe. Najua ninachokuvunjia. Hata mimi kazi yangu iko hivyo hivyo, watu hawajui. Ile pole ninayowaandikia haiandikwi na mimi, imeshaandikwa, mimi nachagua pole namba fulani na kubonyeza. Kuna mama mmoja alinijibu, "Asante mwanangu, angalau nimepata mtu." Nilikwenda chooni nikakaa huko mpaka msimamizi akaniulizia.

Uliniuliza nakula na nani. Nakula peke yangu, mjomba. Tangu nifike. Natandika gazeti kitandani, nageukia dirisha, naangalia ule ukuta.

Chiriku


3 Agosti

Chiriku,

Nimeiondoa Kibubu. Jina limepotea kwenye kioo. Habari za pochi usiniandikie tena.

Jirani anakusalimu.

Mjomba wako


1 Septemba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ulinikataza habari za pochi na leo nakuvunjia amri, unigombeze baadaye. Ningepiga simu, lakini jambo hili sitaki ulisikie nusu. Barua hii nimeilipia iende haraka.

Mshale yuko hai. Amenipigia.

Nilikuwa kwenye foleni ya kununua mkate. Namba nisiyoijua. Nikapokea, sauti ikasema, "Chiriku, mzee amezikwa lini?" Sikuitambua sauti, imekuwa nene. Nikamuuliza mzee gani. Akasema, "Baba. Niambie tu, nimeshajiandaa." Nikaweka mkate chini.

Nikamwambia baba yako yupo, jicho linamsumbua na sikio limegoma, lakini juzijuzi ametengeneza saa ya kanisa. Nilisikia pikipiki zinapita huko aliko, nikasikia anavuta pumzi. Nikamuuliza nani amemwambia umekufa.

Mjomba, sikiliza alivyosema. Kila mwezi unapoanza, anafungua kuitazama pochi yako. Anwani ya pochi anayo, na yeyote aliye nayo anaweza kuona yanayoingia na kutoka. Akiona mteja amelipa, anajua umefanya kazi. Akiona umenunua salio la simu, anajua una wa kumpigia. Amekuwa akifanya hivyo tangu alipoondoka. Kupiga simu alishindwa. Anasema kila akishika simu anasikia lile neno la marehemu.

Mwezi huu akakuta ruhusa ya Kibubu imeondolewa. Akatazama zaidi, akakuta na zile nyingine zote zimeondolewa, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu. Akaniambia hivi, nanukuu alivyosema: "Baba hajawahi kumnyima mtu ruhusa maisha yake yote. Nilipoona zimeondolewa nikajua simu haiko mkononi mwake tena. Nikajua wamegawana vitu."

Hapo nikacheka, mjomba, katikati ya foleni, halafu nikalia, mwuza mkate akanipa kiti. Nikamwambia ni mimi niliyemfundisha. Akasema, "Umefanya vizuri. Mimi ningemfundishaje?"

Kilichowekwa Kibubu kipo chote, hajakigusa. Nimempa anwani ya duka na namba yako, ingawa vyote anavyo kichwani. Sijui kama atapiga. Hakuniahidi, na mimi sitakuahidi. Nimemwambia tu aseme kwa sikio la kulia.

Chiriku


24 Septemba

Chiriku wangu,

Marahaba, marahaba. Barua yako niliisomea dukani nimesimama, mteja ananingoja na saa yake, nikamwambia aje kesho. Alivyoniona uso hakubisha.

Alipiga. Si siku ile, wala wiki ile. Nilishaanza kujiambia kwamba kujua yu hai kunatosha, na kusema kweli hakutoshi. Alipiga siku ya Jumatano nikiwa nimebana kioo jichoni, nikaipeleka simu sikio bovu kwanza, nikasikia kama mtu anazungumza ndani ya mtungi. Nikabadilisha. Akasema, "Shikamoo baba." Nikasema marahaba. Jirani alisimamisha cherehani, nadhani alikuwa anatusikiliza.

Akaniuliza saa kubwa ya sebuleni inatembea? Nikamwambia inachelewa kidogo. Akasema, "Hata zamani ilikuwa inachelewa." Yale maneno ya siku ile hakuyataja. Mimi nilikuwa nimeyaandaa ya kwangu, nimeyafanyia mazoezi mbele ya saa zote za ukutani, nikajikuta namuuliza kama huko kuna baridi. Akasema ipo kiasi. Nikamwambia, "Neno lile nililisema vibaya." Akasema, "Ndiyo baba." Halafu salio lake likaisha, au alisema limeisha.

Baada ya siku chache akapiga tena. Akasema angependa Kibubu irudi, kama nitakubali, ile mashine ya kuchongea bado anataka niipate. Akaniambia nifungue programu, itaniomba ruhusa upya. Nikafungua, ikaomba. Kitufe kikawa kijani kama kawaida. Safari hii sikubonyeza. Nilibana kioo, nikasoma mstari kwa mstari huku yeye ananingoja kwenye simu, nikafika pale palipoandikwa bila kikomo. Nikauliza hapa panafutika? Akasema panafutika. Nikafuta, nikaandika kiasi cha mwezi mmoja tu. Ndipo nikakubali, ikachukua cha mwezi huu papo hapo.

Akasema, "Baba, hiyo ni ya mwezi mmoja, mwezi ujao itakwama." Nikamwambia najua. Ikikwama utanipigia uniambie nifungue. Mashine haiwezi kunipigia.

Hakukata simu.

Nitapasuliwa jicho mwezi ujao. Uombe likizo hata ya siku mbili uje, sahani yako iko palepale, na ya kwako haina kikomo, mwanangu. Ule ukuta wako umeutazama vya kutosha. Jirani anasema atakushonea gauni, mimi nimemwambia mifuko aiache.

Mwezi wa Kibubu unaisha Jumanne. Simu siizimi siku hizi, wala siifungii kwenye droo. Iko hapa juu ya meza nikiandika, upande wa sikio la kulia.

Mjomba wako